Laini Moja ya Ploti Nzima

Jumamosi, Julai 1999. Lucky Summer, Nairobi.

Baridi. Manyunyu tangu asubuhi, yale ya Julai ambayo si mvua na wala hayakauki. Nguo zimekaa kwenye kamba tangu juzi na zimeanza kunuka. Nimekunywa chai bila sukari na sikugundua hadi kikombe kilipoisha. Ndiyo hali niliyo nayo.

Shajara yangu, naandika mbiombio. Ukiona herufi zimerukana, nisamehe, sitarudi kusahihisha. Na mimi ndiye hula kwa kusahihisha herufi za watu!

Naandika bila mtandao. Maneno haya yatakaa hapa kwenye kompyuta mpaka laini ipatikane, ndipo niyapandishe kwenye ule ukurasa wangu wa bure, nilioufungua kwa mtandao wa kukodi mjini. Wasomaji wangu, kama bado mpo, mvumilie. Najua ni wachache. Mmoja wenu ni shemeji yangu aliye Kanada, na yeye husoma ili apate la kunicheka.

Wacha nianze na simu, maana balaa lote la leo limetoka kwenye simu.

Simu yetu ni ile nyeusi ya kuzungusha. Iko kwenye meza ndogo karibu na dirisha na ina kufuli. Laini ilikuwa ya mwalimu aliyekaa nyumba hii kabla yetu. Alipostaafu akaenda kwao, akatuachia. Hakuna simu nyingine kwenye ploti hii ya wapangaji, na kuomba laini mpya siku hizi ni kungoja mpaka uote mvi. Kwa hiyo mlango wetu umekuwa mlango wa watu wote. Kufuli ni ya kuzuia wanaotaka kupiga. Kupokea hakuna kufuli, na ufunguo ninao mimi, nimeufunga kwenye pindo la leso.

Mtu wa ploti hii akipigiwa, simu huwa mbili. Ya kwanza ni ya kuita: "Hapo ni kwa kina Nafula? Niitieni Mama fulani," kisha aliyepiga anakata haraka pesa zisiishe. Mimi natoka mlangoni napaza sauti, ploti nzima inasikia, mwenye kuitwa anakuja mbio na unga mikononi au sabuni kichwani. Kisha tunaketi wote tukiitazama simu, kimya, tukingoja ile ya pili. Hata watoto wanajua kwamba kati ya simu ya kwanza na ya pili hakuna kuongea kwa sauti. Namba yetu wanaijua kuliko sala.

Niseme ukweli ambao sijamwambia hata Baba Nafula. Nimechoka.

Nimechoka na viatu vya matope kwenye zulia langu. Nimechoka kujua nani kafiwa kabla mwenyewe hajajua. Nimechoka kuacha ugali jikoni ukiungua kwa sababu mjomba wa mtu amepiga kutoka Kakamega. Hawalipi, na mimi sitaki walipe. Wanaleta sukuma wiki, wanaleta mayai, wananishikia mtoto wangu Nafula nikienda mjini. Lakini kuna siku natamani mlango wangu uwe mlango tu.

Basi nikapata hii kazi.

Kuna shirika moja la kule Ulaya linalochimba visima huku kwetu. Wanataka mtu wa kupiga chapa ripoti zao, kupanga picha za visima mahali pake, na kutuma yote kwa barua pepe. Kazi ya kila mwezi. Wamenipa ripoti moja ya majaribio, nzito kwa sababu ya zile picha, na sharti moja: ifike leo Jumamosi kabla ya saa kumi na moja jioni. Ikichelewa wanampa mwingine. Wamesema wazi, bila kunipaka mafuta.

Na kazi hii si ya kununulia mapazia. Baba Nafula yuko kiwanda cha nyuzi pale mtaa wa Baba Dogo, na tangu Pasaka wamepunguza zamu. Wiki hii ameingia siku chache tu. Anaamka alfajiri hata kama haendi kazini, anavaa zile nguo za kazi, anaketi. Mimi namwona.

Sasa ikaja hoja ya mtandao, na hapo ndipo tulipogawanyika.

Jumatano alikuja bwana mmoja wa kampuni ya intaneti, tai shingoni, viatu vinavyong'aa ambavyo barabara yetu ilivimaliza kabla hajafika getini. Akatuambia watatuwekea mlingoti juu ya paa, unaangaliana na mnara wao mjini, na intaneti inaingia nyumbani bila kupita kwenye simu hata kidogo. Hukatiki, hupigi namba, hungoji. "Madam, iko tu, saa zote, kama stima."

Baba Nafula akamuuliza, "Stima ya wapi?" Maana yetu ilikuwa imepotea tangu asubuhi.

Mimi sikucheka. Mimi nilikuwa nimeshaupenda ule mlingoti. Lakini malipo yake ya mwezi, wueh! Yule bwana alipoona nyuso zetu akatupa njia: turudishe laini ya simu. Pesa ya bili ya simu tukiongeza na za kazi mpya, mlingoti unajilipa. "Simu ya nini tena, na mtakuwa na barua pepe?" Akasema bei aliyotupa ni ya wiki hii tu, na kwamba angetaka jibu kufikia leo Jumamosi.

Nilijua maana yake. Laini ukiirudisha, hairudi. Ploti nzima inakuwa kiziwi.

Na bado niliutaka.

Tulizozana usiku kucha. Baba Nafula akasema hawezi kuamka akawaambia majirani kwamba simu imeenda. Nikamwambia si wao watakaotulipia nyumba. Alhamisi akaenda mjini peke yake, akarudi na kitu kimefungwa kwenye gazeti. Modemu kuukuu, ya bei ya viatu vya mtumba, rangi yake ilikuwa nyeupe zamani. Akaiweka mezani, akasema, "Hii inatumia simu ile ile. Hakuna kurudisha kitu."

Tukaiunganisha. Waya wa simu ukagawanywa na kidude cha plastiki chenye matundu mawili, mguu mmoja kwa simu, mwingine kwa kompyuta. Ilipopiga namba yenyewe, pamoja na kufuli kuwa imefungwa, Baba Nafula alicheka kwa mara ya kwanza wiki hii. "Ona, Mama Nafula, haijali ufunguo wako!" Ikalia ile sauti yake ya kukwaruza, ikatulia, tukaingia. Polepole sana, lakini tukaingia. Nikajiambia sawa, tujaribu. Modemu ikifikisha kazi, mlingoti nitausahau.

Jana jioni ndipo habari za Kamau zilipokuja.

Kamau ni kijana wa Mama Kamau, wa mlango wa tatu, anayeuza mboga pale kwenye kona. Ni turniboi, yaani utingo, wa lori la mizigo, huenda mpaka Malaba. Jana mwenzake mmoja wa lori jingine alipita hapa, hakuketi hata. Akasema magari ya kampuni yao yalikuwa matatu barabarani na moja limepinduka upande wa Bungoma. Hakujua ni lipi. Alijua tu kwamba watu wamepelekwa hospitali, na kwamba yeyote atakayeweza atapiga simu hapa kwetu.

Hapa kwetu. Wapi kwingine?

Mama Kamau hakulia. Asubuhi hii alikuja mapema, amevaa sweta yake ya kanisani na kitambaa kichwani, akabisha ingawa mlango ulikuwa wazi. Akaketi kwenye kile kigoda karibu na meza ya simu. Nikampa chai. Akaishika tu hadi ikapoa.

Asubuhi yote simu haikulia. Mimi nilikuwa namalizia ripoti, napanga picha za visima, jicho moja kwa skrini na jingine kwa simu. Kila gari likipiga honi barabarani, tunashtuka wote wawili.

Ilipofika mchana kazi ikawa tayari. Na hapo nikajua nimepatikana.

Nilimweleza. Isije ikasemwa sikumweleza. Nilichuchumaa mbele yake nikamwambia, "Mama Kamau, nikianza kutuma hii kazi, laini inashikwa. Mtu akipiga ataambiwa bize. Na nisipotuma leo, kazi imeenda."

Akanitazama, akaitazama simu. "Si iko hapo tu?"

"Iko, lakini ni kama mtu anaongea ndani yake."

"Na haitachukua muda?"

"Sitakawia."

"Basi tuma, mama. Tuma kwanza." Akanipigapiga mkono. Yeye ndiye aliyenituliza mimi.

Nilikawia.

Siku zenye manyunyu laini yetu hukoroma, maji yanaingia kwenye lile sanduku la barabarani lililovunjika mlango. Modemu ikapiga, ikalia, ikakata. Ikapiga tena. Namba tunayoingilia mtandaoni ikawa na watu. Ikapiga tena. Hatimaye ikashika, ile ripoti ikaanza kwenda, na kile kimstari cha buluu kwenye skrini kikaanza kutambaa kama konokono mgonjwa. Kikafika robo, laini ikakoroma, kikafa. Na ukikatika hupewi ulichokwisha kutuma. Unaanza upya, kisima cha kwanza.

Kila nikikatika nilikuwa naacha simu ipumue kidogo, labda italia. Hailii. Naanza tena. Hesabu gani hiyo, kumpimia mama wa mtu pumzi za simu kwa kijiko?

Baba Nafula alikuwa amesimama nyuma yangu akinipumulia shingoni. Nikamwambia aketi au atoke. Akaketi. Nafula nilimpeleka kwa jirani kucheza. Nilisema nina kazi. Nilitaka tu asinione uso.

Halafu laini ikatulia. Sijui ni Mungu au manyunyu yaliacha. Kimstari kikapita nusu. Kikapita picha za Kitui, zile nzito. Saa ya ukutani ilikuwa imekaribia saa kumi na moja lakini bado ilikuwa na nafasi, na kile kimstari kilikuwa kimebakiza kipande kidogo tu, ukubwa wa kucha. Nilianza kutabasamu. Niliiona kazi. Niliona mshahara wa kila mwezi, niliona Baba Nafula akikosa zamu bila kuketi na zile nguo.

Sikumwona Mama Kamau akinyoosha mkono.

Kuna kitu watu wa hapa hufanya na mimi pia hufanya, na usipoishi na simu hizi huwezi kuelewa. Simu ikikaa kimya sana, unainua mkono wake, unasikiliza. Hupigi. Unataka kusikia tu kama ile sauti yake ya mmm iko, kama laini haijafa. Kila anayengoja simu kwangu hufanya hivyo. Mkono unajiendea wenyewe. Mama Kamau ameketi kwenye kile kigoda miaka, na amekifanya kitendo hicho mbele yangu mara nisizoweza kuzikumbuka.

Aliinua.

Modemu ikapotea njia, ikaanza kulia upya, ile sauti ya kukwaruza na kupiga yowe. Mimi niliisikia ikitoka kwenye kompyuta. Yeye ilimwingia sikioni.

"Ngai! Kuna mtu analia! Kuna mtu analia humu!"

Alipiga ukelele mpaka watu wakatoka nje. Akaikumbatia ile simu kifuani, akaiweka tena sikioni, akimwita mwanawe kwa Kikuyu, "Kamau? Kamau wakwa? Ni wewe?" Nilimrukia nikamnyang'anya. Nikairudisha mahali pake. Nilipogeuka, skrini ilikuwa imeandika kwa Kiingereza chake cha adabu kwamba mawasiliano yamekatika.

Nilisema neno baya. Sitaliandika hapa, shemeji atalitumia.

"Nilitaka tu kusikia kama iko hai," Mama Kamau akasema. Alikuwa ameshika mdomo kwa mikono yote miwili. "Nani yule alikuwa analia?"

Baba Nafula alikuwa anaangalia saa. Akasogea karibu yangu akanong'ona, "Piga tena. Laini imetulia sasa. Ikienda bila kukata, inafika."

Alikuwa anasema kweli. Ingefika, pengine kwa kubana sana.

Nikaweka mkono kwenye kipanya. Mshale ulikuwa tayari juu ya kile kitufe cha kupiga. Sitajifanya malaika hapa. Nilitaka kubonyeza. Nilijiambia Kamau kama amekufa amekufa, na kama yuko hai yuko hai, na simu haibadilishi kitu, bali hii kazi inabadilisha. Nilijiambia hivyo, kwa maneno hayo hayo, na mama yake ameketi nyuma yangu.

Ndipo akasema, "Piga tu, mama. Mimi nimezoea kungoja."

Hasira ilinipanda, sijui ya nani. Yake, kwa upole wake. Ya yule mzungu wa saa kumi na moja. Ya kiwanda. Ya huyu mume wangu na kidude chake cha gazetini. Nikainama chini ya meza nikauchomoa waya wa modemu kwenye yale matundu, nikautupa huko.

"Haya," nikasema. "Sasa na ilie."

Haikulia.

Tuliketi. Watu wa ploti walikuwa wamejaa mlangoni na hakuna aliyevuka kizingiti. Mama Achieng wa mlango wa kwanza alivua viatu vyake akavishika mkononi, kana kwamba viatu vingeizuia simu. Kimya kilikuwa kile cha kati ya simu ya kwanza na ya pili, ila safari hii hata ile ya kwanza haikuwa imekuja. Nilikuwa nasikia maji yakidondoka kwenye ndoo nje. Saa ikaenda. Sikutaka kuitazama na niliitazama.

Ikalia!

Mama Kamau alisimama mpaka kigoda kikaanguka. Nikainua mimi, nilihofia angeanguka nayo.

"Hello madam! Sasa? Naona leo ndiyo leo. Mmeamua kuhusu ule mlingoti ama vipi?"

Bwana wa tai.

Shajara, sijawahi kumtukana mtu wa tai. "Toka kwa laini!" nikampigia kelele. "Toka! Sitaki mlingoti wako, sirudishi simu, toka kwa laini yangu saa hii!" Nikamkatia. Mlangoni mtu mmoja akacheka, akazibwa mdomo.

Basi ndivyo nilivyoamua. Siku zote hizo nilikuwa napanga jibu la heshima, nikipima hiki na kile, na nilipolitoa nililitoa kama mtu anayefukuza kuku jikoni. Baba Nafula alinitazama. Akaokota kigoda, akamketisha Mama Kamau.

Redio ya jirani ikaanza taarifa ya habari ya saa kumi na moja. Nikaisikiliza yote ile milio ya mwanzo. Kazi imeenda, nikasema moyoni. Kwa ajili ya simu ambayo hailii.

Walikuwa wamefikia hali ya anga ilipolia tena.

Sauti ya mwanamke, imechoka. "Hapo ni kwa kina Nafula?"

"Ndiyo."

"Asante Mungu. Mimi ni muuguzi, napiga kutoka hospitali ya misheni huku Bungoma. Nimepiga namba hii tangu saa nane, inasema bize tu. Natoka zamu sasa hivi, nilisema nijaribu mara ya mwisho. Kuna kijana hapa, Kamau. Anataka mama yake."

Nilikaa chini sakafuni. Nikamnyooshea Mama Kamau ule mkono wa simu, na kwa midomo bila sauti nikamwambia: yuko hai.

Mguu umevunjika pabaya na mbavu zimeumia. Watamfanyia upasuaji Jumatatu. Akili anazo, anaongea. Hakuwa na karatasi wala kitambulisho, vyote vilibaki kwenye lori, lakini namba ya simu aliisema kichwani bila kukosea. Alikuwa akiirudia kila muuguzi aliposema ni bize: "Jaribu tena, ni ya ploti, hutumiwa na wengi."

Hutumiwa na wengi. Mimi ndiye niliyekuwa hao wengi, peke yangu, tangu saa nane.

Hilo sikumwambia Mama Kamau. Amelijua. Alimsikia muuguzi akirudia neno bize, akageuka akanitazama, kisha akaendelea kuongea. Hakulisema na sidhani atalisema, na ndiyo maana linaniuma.

Wakati huo ploti ikawa si ploti tena, ikawa jiko la harusi. Mama Achieng akaleta blanketi. Mtu akaleta mkate. Mimi nikafungua kufuli, kwa mara ya kwanza bila kuulizwa, nikampigia dada yake Baba Nafula ambaye anakaa pale Kanduyi, si mbali na hiyo hospitali. Dada akasema, "Aje, kitanda kipo, kwani ni mgeni?" Mama Kamau hajawahi kufika upande huo wetu wa Bungoma maishani. Anaogopa hata chakula. Nikamwambia atakula ugali kama watu wengine wote. Akacheka kidogo, kicheko chenye makamasi.

Baba Nafula ndiye aliyempeleka kupanda basi. Kabla hawajatoka alinivuta kando pale jikoni. Nilidhani ataanza mambo ya modemu. Akasema, "Kile kipande kilikuwa kidogo sana." Akaonyesha kwa vidole, ukubwa wa kucha. Macho yake yalikuwa mekundu. Nikamwambia, "Nilikiona." Akanishika bega. Basi. Tumeoana miaka, tunajua kufupisha.

Sasa niko peke yangu na kompyuta. Nafula amelala kwenye kochi na viatu. Modemu iko chini ya meza pale nilipoitupa, na nimeiangalia, haina ufa. Kitu cha bei rahisi kinavumilia kutupwa.

Nimefikiria. Kesho ni Jumapili, na Jumapili asubuhi ploti hii huwa tupu: wa kwetu na ngoma zao, wa kina Mama Kamau na vitabu vyao vya nyimbo, wote kanisani hadi jua la utosini. Na anayempigia mtu wa hapa anajua hivyo, hakuna anayepiga saa hizo. Laini hulala. Sijawahi kulifikiria hilo, na nimeketi nayo miaka yote hii nikilalamika.

Nitabaki nyumbani. Mchungaji ataniuliza, nitamjibu. Nitatuma ripoti yote, kisima cha kwanza hadi cha mwisho, na juu yake nitawaandikia kwa nini imechelewa. Sitalia wala sitapamba. Nitasema hapa kuna laini moja na jana ilikuwa na mwenyewe. Wakitaka mtu wa kutuma kazi Jumapili asubuhi, wamempata. Wakimtaka wa mlingoti, wamtafute. Naogopa jibu lao, tena sana. Jumatatu Baba Nafula hana zamu.

Jambo moja bado halitaki kunitoka.

Mama Kamau alipofika getini na blanketi lake, alisimama. Akamwachia Baba Nafula kikapu, akarudi mpaka mlangoni kwangu, na basi linamngoja. Nilidhani sasa atalisema lile la bize. Nikajikaza.

Akanishika mikono yote miwili.

"Na yule mwingine," akasema, "yule aliyekuwa analia ndani ya simu. Mlimpatia mtu wake?"

Ningeanzia wapi kumweleza? Nilimtazama usoni na nikaona alikuwa amelibeba hilo tangu alipoinua simu, pamoja na mguu wa mwanawe, katika mzigo mmoja.

"Bado, Mama Kamau," nikamwambia. "Kesho asubuhi watu wakiwa kanisani, nitampigia."